Muulize Mjomba wa Gemu: Uza vizibo, usiuze ushindi

Mwezi huu barua zimejaa, na karibu zote zinalia na kitu kimoja: bei za ndani ya magemu. Nimechukua tano. Ile ya Arusha imenikalisha mpaka usiku, kwa hiyo msishangae jibu lake likimeza nusu ya ukurasa.

Shikamoo Mjomba. Nina mtoto wa miaka kumi na mbili. Wiki iliyopita nilikwenda kwa wakala kutoa hela ya ada, nikakuta salio halitoshi. Kumbe kijana ametumia elfu themanini na kitu kununulia daimondi za gemu la kupigana risasi kwenye simu yangu. Nilipombana akasema alidhani ni daimondi za mchezo tu, si hela. Nimchape? Na hela inarudi? — Mama wa watatu, Morogoro

Marahaba, dada. Usimchape. Na hilo jibu lake lisikuudhi, huenda anasema kweli. Haya magemu hayamuuzii mtoto kitu kwa shilingi. Kwanza shilingi inageuzwa daimondi, kisha daimondi ndiyo inayonunua bunduki yenye rangi za moto, koti, na mtindo wa kudansi ukishinda. Akifika dukani, shilingi imeshasahaulika. Mtu mzima mwenye mshahara anapotea hapo, sembuse mtoto wa darasa la sita.

Sasa hela. Ingia Google Play kwa akaunti ile ile iliyonunulia, fungua historia ya manunuzi. Kila ununuzi una namba inayoanzia na GPA. Maombi ya kurudishiwa yakipelekwa ndani ya saa 48, Google huyashughulikia wenyewe. Zikipita, wanakuelekeza kwa waliotengeneza gemu. Kwako wiki imeshapita, kwa hiyo waandikie hao. Orodhesha namba zote, sema aliyenunua ni mtoto na hukumruhusu. Andika kwa kifupi na kwa upole. Wapo wanaorudisha, wapo wanaokaa kimya, siwezi kukuahidi.

Halafu leo leo, kabla hujalala, ingia kwenye mipangilio ya Google Play uweke kwamba kila ununuzi uombe uthibitisho. Badili namba ya siri ya pesa za simu. Ukimfungulia mtoto akaunti yake kupitia Family Link, programu ya Google ya wazazi kusimamia simu ya mtoto, kila anachotaka kununua kitakuja kwako kwanza, ukubali au ukatae. Na namba mpya isiwe mwaka aliozaliwa. Hiyo ndiyo ya kwanza wanayojaribu, nawajua.

Kuhusu lawama, usimbebeshe yote yeye. Desemba 2022 kampuni ya Epic Games, wenye gemu la Fortnite, walikubali kutoa dola milioni 245 za kurudishia wateja, baada ya tume ya biashara ya Marekani, FTC, kuwashtaki kwamba vitufe vya gemu lao vilipangwa kwa namna ya kumnunulisha mtu asiyekusudia kununua. Mtu anaamsha gemu lililolala: amenunua. Anataka kutazama tu koti likoje: amenunua. Na kulikuwa na kipindi ambacho mtoto aliweza kujaza sarafu za gemu kwa kadi ya mzazi iliyohifadhiwa humo, mzazi asiulizwe lolote. Hapo sijagusa dola milioni 275 nyingine walizotozwa kwa habari ya taarifa za watoto.

Ningekuwa na sauti ningeagiza hivi: gemu lolote ambalo mtoto anaweza kulipakua liingie kwenye simu duka lake likiwa limefungwa, na mwenye simu ndiye alifungue akitaka. Siku hizi ni kinyume, duka liko wazi na kufuli unatafuta mwenyewe.

Mjomba, sisi wa zamani ulinunua CD ukamalizana na mtu. Siku hizi unanunua gemu, unanunua nguo za gemu, unanunua msimu wa gemu. Kwa nini wasirudi kwenye bei moja? — Wa CD, Tanga

Ndugu yangu wa Tanga, tuambizane ukweli. Zile CD nyingi tulinunua za kuchoma, na mwenye gemu hakuona senti yetu hata moja. Tukisema turudi kwenye bei moja, bei yenyewe kwa gemu kubwa jipya ni dola 70, zaidi ya laki moja na nusu ya hapa. Kijana wa kidato cha tatu anayecheza na wenzake wa Jakarta na São Paulo kwenye simu ya elfu mia mbili amepata kiti pale kwa sababu mlangoni ni bure. Mimi siko tayari kumfungia.

Malalamiko yako yana historia ndefu lakini. Aprili 2006 kampuni ya Bethesda waliuza deraya ya farasi ndani ya gemu lao la Oblivion kwa dola mbili na nusu, na wachezaji wakawacheka. Lilikuwa gemu la kucheza peke yako, farasi wako hakuna wa kumwona. Leo farasi huyo yuko kila mahali na hakuna anayecheka.

Bei moja nayo haikomboi mtu. Mwaka 2024 Sony walitoa magemu mawili ya mtandaoni kwa bei ile ile, dola 40. Helldivers 2 la Februari liliuza nakala milioni 12 ndani ya wiki 12. Concord likatoka Agosti 23, bila hata pasi ya msimu (ile tiketi ya kulipia ya kufungulia zawadi za msimu), bei moja safi kama unavyoitaka wewe. Pale Steam, duka la magemu ya kompyuta, hawakufika watu 700 waliolicheza kwa wakati mmoja. Septemba 6 likazimwa na kila mtu akarudishiwa hela yake. Watu walikuwa na magemu ya bure ya aina ile ile yaliyojaa wachezaji. Nani alipe kiingilio akae kwenye ukumbi mtupu?

Habari za kazi, Mjomba. Mimi na mwenzangu tumetengeneza gemu la drafti la mtandaoni. Watu wawili, kila mmoja na simu yake, Kiswahili, sheria zile zile za kijiweni. Linafanya kazi vizuri, sasa tunabishania bei. Mwenzangu anataka liwe bure, ila mtu akikosea alipie 200 arudishe kete, na wachezaji wawekeane dau la 500 sisi tuchukue asilimia kumi. Mimi nataka liuzwe 5,000 mara moja basi. Nani yuko sahihi? — Mtengeneza gemu, Arusha

Mdogo wangu, hongera kwanza. Drafti kwenye simu, kwa sheria zetu, nimeisubiri miaka. Sasa: hakuna aliye sahihi, ila mwenzako amepotea mbali zaidi.

Tuanze na wewe, maana kosa lako ni la heshima. Unataka mtu alipe, apate kitu, mkono kwa mkono. Lakini fikiria mteja wako wa kwanza. Saa nne usiku, kafunga duka lake, kafungua gemu lako kutafuta mpinzani. Nusu dakika inapita hajampata. Anafunga, na hafungui tena maisha. Ukiweka 5,000 mlangoni utapata waungwana mia wanaokupenda, na hao mia hawatakuwa macho wote saa nne usiku. Kwenye gemu la watu wengi asiyelipa ndiye mpinzani wa anayelipa. Ukimfukuza, unayebaki naye hana wa kucheza naye. Kwa hiyo drafti iwe bure, yote, mechi zote, ngazi zote.

Mwenzako hilo ameliona. Kisha akaliharibu kwa mkono wake mwenyewe.

Niliwahi kusimamia ukumbi wa PS kule Mbagala, tukitoza kwa mechi. Nilikuwa na pedi moja ambayo kitufe cha shuti kinakwama. Vijana walikuwa wanaipokezana bila ugomvi: mechi hii wewe, ijayo mimi. Ningeongeza mia mbili kwa anayetaka pedi nzima, ningezipata Jumamosi hiyo, na Jumamosi iliyofuata ningefagia ukumbi peke yangu. Lakini kulikuwa na kochi moja, mengine yote mabenchi. Aliyetaka kukaa kwenye kochi nilimtoza zaidi, na sijawahi kusikia mtu ananung'unika. Walimtania tu wakimwita mheshimiwa.

Kurudisha kete kwa 200 ni pedi nzima. Kijiweni mkono ukishaachia kete umecheza, hata uwe mwenyekiti wa mtaa. Mtu ameweka mtego dakika kumi, ametoa kete mbili kafara umwingilie, umemwingilia, halafu unatoa 200 mtego unafutika? Huyo aliyetega harudi. Na atawasimulia kijiwe kizima kwa nini harudi. Vivyo hivyo msiuze sekunde za ziada kwenye saa, wala kidokezo cha kompyuta katikati ya mechi. Dhidi ya kompyuta uza utakavyo, hiyo haina moyo wa kuumia.

EA, kampuni kubwa ya magemu, walijaribu kuuza pedi nzima Novemba 2017, kwenye gemu la Star Wars Battlefront II. Gemu lenyewe la dola 60, na ndani maboksi ya kubahatisha, unayalipia bila kujua utatoa nini, yenye kadi za kuongeza nguvu. Mhusika Darth Vader amefungiwa, kumfungua ni pointi 60,000. Wachezaji wakapiga hesabu wakakuta ni kama saa 40 za kucheza. EA wakaandika kwenye mtandao wa majadiliano wa Reddit kueleza kwamba lengo ni mchezaji ajisikie fahari akimpata. Maelezo hayo yakapigiwa kura za kuyakataa zaidi ya laki sita. Siku moja kabla ya uzinduzi wakazima manunuzi yote ndani ya gemu, na yaliporudi mwaka uliofuata yalikuwa ya mavazi tu.

Sikudanganyi, kuuza nguvu kunaingiza hela, tena nyingi. Yapo magemu ya simu yanayoishi hivyo miaka na miaka. Lakini yanahitaji wageni wapya wa kupigwa kila mwezi, na yanamwaga mamilioni kwenye matangazo kuwaleta. Ninyi wawili hapo Arusha mtawaleta na nini?

Dau la 500 na asilimia kumi zenu, hapo mwambie mwenzako asimame kabisa. Siku mkiliweka, hamna tena gemu, mna biashara ya kubahatisha, na hiyo Tanzania ina bodi yake, ina leseni, na haimruhusu aliye chini ya miaka 18. Najua kijiweni watu wanawekeana soda. Soda ya watu wawili wanaojuana haipiti kwenye mfumo wako wa malipo ukaikata asilimia. Achaneni nayo.

Sasa muuze nini? Kochi.

Drafti yetu tumeicheza kwa vizibo vya soda tangu nikiwa mdogo, mmoja amelaza kizibo kifudifudi, mwenzake chali. Tayari mna bidhaa. Vizibo vyenye kutu, vizibo vipya vinavyong'aa, vizibo vya dhahabu. Ubao wa mninga, ubao wa boksi la sabuni uliochorwa kwa kalamu ya wino, ubao wa saruji wenye ufa. Kingi anapozaliwa, kofia ya kumvika: baraghashia, kofia ya kiua, kofia ya polisi wa trafiki. Mlio wa kete ikilia kwenye ubao, ule wa kubamiza kwa hasira. Maneno ya kumtania mpinzani, yaliyorekodiwa na mzee mwenye sauti ya kijiweni. Hakuna kati ya hivyo kinachosogeza kete hata nyumba moja, na kila kimoja mpinzani anakiona. Hiyo ya pili ndiyo siri. Nguo ya gemu haiuziki pasipo wa kuitazama, na hao wasiolipa ndio watazamaji. (Nembo za kampuni za soda msiziweke bila ruhusa. Mawakili wao hawachezi drafti.)

Mkiogopa kwamba mapambo hayalipi, tazameni Dota 2 la Valve. Gemu bure, mashujaa wote bure, humnunulii mtu nguvu. Mwaka 2021 zawadi za mashindano yao makuu, The International, zilifika dola milioni 40, na hela hiyo karibu yote ilitoka kwenye robo ya mauzo ya pasi ya mapambo. Robo. Maana yake pasi yenyewe iliuza zaidi ya dola milioni 150. Ninyi hamtaona hizo, na wachezaji wenu wengi hawatanunua kitu chochote hadi wanazeeka, na ni sawa. Bahati yenu ni kwamba drafti ni nyepesi. Kila hatua ya kete ni herufi chache zinazopita kwenye seva. Mashine ndogo ya kukodi inawabeba wengi kabla haijawalilia. Hamhitaji kumkamua mtu.

Bei iandikwe kwa shilingi. Vizibo vya dhahabu, TSh 1,000, basi. Msibuni sarafu ya gemu. Nawajua, mtaambiwa na kila mtaalamu wa YouTube muwe na sarafu, muuze mafungu ya 1,000, kisha ubao mzuri uwe 950, ili 50 zibaki zikimwasha mtu arudi kununua fungu jingine. Machi 2025 mamlaka za kulinda walaji za Umoja wa Ulaya zilitoa kanuni za kuonya juu ya ujanja huo huo: bei ionekane kwa fedha halisi, na mtu asilazimishwe kununua sarafu asizozihitaji. Ulaya wamefika hapo baada ya miaka ya kesi, ninyi anzeni hapo. Kwenye hiyo 1,000 duka la programu litakata 150, maana Google na Apple wanachukua asilimia 15 kwa wadogo kama ninyi ambao mauzo kwa mwaka hayajafika dola milioni moja. Kabla ya kodi mnabaki na 850.

Matangazo mtayataka pia, na hapa nina ugomvi na karibu kila gemu la bure ninalolijua. Mtengenezaji wa California anadhani tangazo la video ni bure kwa mchezaji. Huku bando ni hela. Mtu kanunua kifurushi cha siku, kila video ya sekunde 30 inamla MB alizozilipia yeye, wewe ndiye unalipwa. Hiyo nayo ni bei, tena isiyoandikwa popote. Wekeni picha isiyotembea mwisho wa mechi, msiweke katikati kamwe. Mkitaka video, mchezaji aiombe mwenyewe ili apewe kizibo, na aambiwe kabla itakula MB ngapi. Sijaona gemu linalofanya hivyo. Kuweni wa kwanza.

Pasi ya msimu? Mwakani, labda. Mkiiweka, isioze. Halo Infinite la 2021 liliahidi kwamba pasi uliyonunua haiishi muda, unaimalizia hata mwaka ukipita. Helldivers 2 wanafanya vivyo hivyo. Pasi inayokufa baada ya miezi miwili inamfanya mtu acheze kama anakwenda kibaruani, na drafti ya kibaruani haina utani.

La mwisho, dogo lakini mnisikilize. Aliyefungwa sasa hivi msimwonyeshe duka. Mpeni kitufe kimoja tu kikubwa: *Tena*.

Mjomba, mimi ni shabiki wa gemu la mpira kwenye simu. Mwezi jana nilifungua yale maboksi ya wachezaji nikitafuta straika mmoja tu. Waliandika uwezekano ni asilimia 1. Nimefungua zaidi ya mia, nimemaliza karibu elfu sita za Kenya, simpati. Nimeibiwa? Na hii si kamari jamani? — Mwana wa Likoni, Mombasa

Pole, kaka. Hujaibiwa, umepigwa hesabu.

Wengi wakisoma asilimia 1 huona mara mia inatosha. Haitoshi. Nafasi ya kumkosa kila mara ni 0.99. Zidisha 0.99 kwa yenyewe mara mia moja, unapata 0.366. Yaani watu mia wakifungua maboksi mia mia, kama 37 kati yao wanaondoka mikono mitupu, na wewe ni mmoja wao. Boksi halikumbuki kwamba umeshalipa mara tisini na tisa. Baadhi ya magemu huweka dari: Genshin Impact mhusika wa nyota tano anakuja kwa asilimia 0.6, lakini ukifika mara ya 90 bila kumpata unapewa mmoja. Ila mara ya kwanza anaweza kuwa mwingine, si uliyemtaka, na wako ukathibitishiwa kufikia mara ya 180. Dari lipo, ghorofa nayo ni ndefu.

Kama ni kamari, dunia haijakubaliana. Japani 2012 walipiga marufuku aina moja mbaya zaidi, ile ya kukusanya seti nzima ya vitu vya kubahatisha ndipo upate zawadi. China tangu 2017 inalazimisha uwezekano uandikwe, na mwishoni mwa mwaka huo huo Apple wakaweka sharti kama hilo. Ndiyo maana uliona hiyo asilimia 1. Ubelgiji Aprili 2018 wakasema moja kwa moja ni kamari, wakalitaja gemu la mpira la EA, FIFA 18, na Januari 2019 EA wakaacha kuuza nchini humo pointi za FIFA, zile za kununulia maboksi. Uholanzi walitaka kuwatoza EA hao hao euro milioni 10 kwa maboksi yale yale, na Machi 2022 mahakama yao ya juu ya kiutawala ikaifuta adhabu.

Mimi naangalia mlangoni. Kibanda cha kubetia hapo kwenu kimebandika 18+ ukutani, na mwenyewe akiingia mtoto anamtoa. Boksi la kwenye simu halina mlango wala mwenyewe, na ndani lina taa, ngoma, na kadi inayogeuka polepole ili moyo udunde. Kama wanataka kuuza straika, wamwekee bei. Aliye nayo anunue, asiye nayo asonge mbele. Rocket League waliondoa maboksi yao ya kubahatisha Desemba 2019, wakaonyesha kitu na bei yake, na watu bado wanapiga mpira wa magari hadi leo.

Bei ya wazi nayo ina aibu yake, usinielewe vibaya. Wangemwandika straika wako kwa elfu sita za Kenya mbele ya macho yako, ungecheka ukafunga simu. Ndiyo sababu hawaandiki.

Ushauri: ukirudi humo, nunua kile tu kinachoonyesha bei yake. Na kabla hujanunua, chunguza kama gemu lako linaanza upya kila mwaka. Ultimate Team ya EA, ile sehemu ya kujenga kikosi kwa kadi za wachezaji, kwa mfano, kikosi cha mwaka huu hakihamii toleo la mwakani. Kadi ya Septemba ina miezi kumi na mbili ya kuishi, ya Julai ina miwili. Hao wanaouza koini kwenye status za WhatsApp kwa nusu bei waepuke kabisa. Nyingi zimenunuliwa kwa kadi za wizi, mwenye kadi akilalamika hela inarudishwa, na akaunti inayofungwa ni yako.

Asalaam aleikum Mjomba. Mimi niko Maskati, binamu yangu yuko Unguja. Tunacheza pamoja kwenye kompyuta kupitia Steam. Gemu moja la kucheza wawili tukalitaka, mimi nikaliona kwa bei ndogo kuliko yeye! Mshahara wangu na wake havifanani hata kidogo. Vipi hii? — Binamu wa Maskati

Waaleikum salaam. Macho yako hayajakudanganya. Steam haina shilingi ya Tanzania, sisi huku tunauziwa kwa dola. Mpaka 2023 Waturuki na Waajentina waliuziwa kwa fedha zao kwa bei ndogo sana, na watu wa nchi nyingine wakawa wanajifanya wako Istanbul. Novemba 2023 Valve, wenye Steam, waliziondoa fedha hizo mbili, wakisema zinayumba mno, na wakafungua makundi mawili mapya ya bei za dola zilizopunguzwa: moja la Amerika ya Kusini na jirani zake, jingine la Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Oman ikaingia kwenye hilo la pili. Unguja ikabaki kundi moja na New York.

Aliyepanga bei ni mwenye gemu, Valve wanampendekezea tu. Kwa hiyo lawama igaweni mara mbili. Kama gemu ni la studio ndogo, waandikieni kwenye ukurasa wao, waelezeni hivi ulivyonieleza mimi. Studio ndogo husoma, na wengi wao hawajui kabisa kwamba Zanzibar inalipa bei ya Marekani. Gemu la kucheza wawili wawili lina faida ya ziada hapo: wakimpunguzia binamu yako wameuza nakala mbili, wasipompunguzia hawauzi hata moja, maana wewe hutacheza peke yako.

Kwa sasa, usimnunulie kama zawadi kutoka akaunti yako, Steam huzuia zawadi za gemu kati ya nchi ambazo bei zimetofautiana sana. Mtumie salio. Kadi ya zawadi ya kidijitali ya Steam inakwenda kwa rafiki yeyote aliyekaa kwenye orodha yako angalau siku tatu, na inaingia kwenye pochi yake kwa dola. Kadi za Google Play usijaribu, hizo zimefungwa kwa nchi ya akaunti na ya Oman haitafunguka Unguja. Mwongeze kwenye orodha leo kama hamjaunganishwa, Ijumaa mtakuwa mnacheza.